Sindano 12 na Kilomita 330: Hesabu ya Kinyama cha Tezi Dume kwa Mwanaume wa Ufipa

Sindano ya kuchukulia kinyama cha tezi dume (biopsi) ina unene wa milimita 1 na ushee. Imefungwa kwenye bunduki ndogo ya springi inayoirusha mbele takriban milimita 22, kisha inarudi na kinyama chembamba kama tambi, chenye urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Kwa utaratibu wa kawaida inachomwa mara 12, sita upande wa kulia wa tezi na sita upande wa kushoto. Ukivikusanya vinyama vyote 12 unapata kama mililita 0.13 za nyama. Tezi iliyovimba kiasi ina mililita 40. Kwa maneno mengine, uamuzi kama mzee ana saratani au hana unatolewa kwa kuangalia sehemu tatu katika kila elfu za tezi yake, na ndiyo maana wengine huambiwa majibu ni mazuri kisha baada ya mwaka wakaitwa kurudia.

Anayefanyiwa hulala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni. Daktari anaingiza probu ya ultrasaundi yenye unene wa kidole gumba kupitia njia ya haja kubwa, anaiona tezi kwenye skrini, anachoma ganzi ya lidokaini, kama mililita 10, pembezoni mwa tezi, anasubiri dakika chache, halafu anaanza kufyatua. Mlio wa bunduki ile unawashtua wengi kuliko maumivu. Daktari mzoefu huifyatua mara moja hewani ili mgonjwa aizoee. Kila kinyama kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini chenye namba inayoonyesha kimetoka sehemu gani ya tezi. Robo saa imetosha. Hakuna kulazwa. Siku hiyohiyo mgonjwa anavaa suruali yake na kutoka.

Hapo ndipo makala nyingi za afya huishia, na hapo ndipo hesabu ya mtu wa Ufipa, mkoani Rukwa, inapoanza. Kila moja ya zile sindano 12 imetoboa ukuta wa utumbo mkubwa, mahali penye bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, na kwenda moja kwa moja kwenye tezi yenye damu nyingi.

Takwimu zilizokusanywa kwa uangalifu zaidi kuhusu kinachofuata zilitoka Uingereza. Derek Rosario na wenzake waliwafuatilia wanaume 1,147 kwa siku 35 baada ya kuchukuliwa kinyama, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Walioona damu kwenye mkojo ni asilimia 65.8. Damu kwenye choo, asilimia 36.8. Damu kwenye shahawa, asilimia 92.6, yaani karibu kila mtu. Maumivu, asilimia 43.6. Homa au kuhisi joto na kutetemeka, asilimia 17.5.

Ukizisoma namba hizo peke yake unaweza kukimbia. Lakini watafiti waliwauliza pia swali la pili: jambo hili lilikuwa tatizo kubwa au la wastani kwako? Kwa damu ya mkojo waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 6.2 tu, kwa maumivu asilimia 7.3, kwa homa asilimia 5.5. Iliyobaki juu ni damu kwenye shahawa, asilimia 26.6. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kero hiyo ni woga wa mtu ambaye hakuandaliwa. Damu hiyo inaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa, ikibadilika kutoka nyekundu kuwa kahawia, na haimdhuru mwenyewe wala mke wake. Dakika mbili za maelezo kabla ya sindano zinaiondoa hofu hiyo bila senti moja. Kwa mzee wa miaka 68 aliyeletwa na mtoto wake wa kiume, dakika hizo mbili mara nyingi hazipatikani kwa sababu hakuna anayetaka kulisema neno shahawa mbele ya mwanawe. Daktari amwombe kijana atoke nje kidogo.

Turudi kwenye namba. Katika kundi lile la Uingereza, mtu 1 kati ya 10 alilazimika kumwona mhudumu wa afya baadaye, na waliolazwa walikuwa asilimia 1.3. Wanaoziba mkojo na kuwekewa mpira kwa kawaida hawafiki 2 kwa 100. Damu nyingi ya kutishia maisha ni nadra, na mara nyingi huzuiwa kwa kukandamiza kwa shashi kutoka ndani. Mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema, asisubiri kuulizwa.

Kinachoua ni maambukizi. Huko Ontario, Kanada, Robert Nam na wenzake walipitia kumbukumbu za wanaume 75,190 waliochukuliwa kinyama. Mwaka 1996, waliolazwa ndani ya siku 30 kwa sababu ya matatizo ya kipimo walikuwa asilimia 1.0. Mwaka 2005 walikuwa asilimia 4.1. Katika kila wanne waliolazwa, karibu watatu walilazwa kwa sababu ya maambukizi. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 0.09, kifo kimoja katika kila vipimo 1,100 hivi. Sindano haikubadilika katika miaka ile tisa. Waliobadilika ni bakteria: wale wa utumboni, hasa *E. coli*, walikuwa wameizoea siprofloksasini, dawa ambayo karibu kila hospitali duniani ilikuwa ikimpa mgonjwa saa moja au mbili kabla ya kuchomwa. Mwaka 2019 Ulaya iliondoa kundi zima la dawa lenye siprofloksasini kwenye kinga ya kipimo hiki.

Sasa fikiria ni nani hasa anayefika kuchukuliwa kinyama akitokea Laela, Namanyere au Matai. Ni mzee ambaye kwa miaka miwili au mitatu amekuwa akiamka usiku mara nne kukojoa. Amekwenda duka la dawa, akaambiwa ni UTI, maambukizi ya mkojo. Akapewa sipro. Ikapoa kidogo, ikarudi. Sipro tena. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa iliyofuata mapema, na umewasaidia sana watu wa vijiji ambavyo zahanati iko mbali. Lakini mkojo wa tezi iliyovimba hauponi kwa antibayotiki. Kila dozi isiyo ya lazima inawaacha utumboni wale bakteria wasioogopa dawa hiyo, na kuwa umetumia sipro au ndugu zake katika miezi sita iliyopita ni mojawapo ya viashiria vinavyojulikana vya kuugua baada ya kinyama. Mgonjwa wetu anapanda meza ya kipimo akiwa tayari na hatari kubwa kuliko wale Waingereza 1,147, na swali la “umemeza dawa gani mwaka huu?” lina thamani kuliko vipimo vingi vya maabara.

Ni watu wangapi? Sensa ya 2022 iliikuta Rukwa na watu 1,540,519. Kitaifa, wenye miaka 60 na zaidi ni karibu 6 katika kila 100. Rukwa ni mkoa wa kaya kubwa na watoto wengi, kwa hiyo tuchukue 4, na nusu yao wawe wanaume. Tunapata wazee wa kiume wapatao 30,000. Tuseme mmoja tu katika kila 100 kwa mwaka ana PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) iliyopanda au tezi ngumu kwenye kidole cha daktari kiasi cha kuhitaji kinyama. Hao ni 300.

Zipitishe namba za juu kwa watu 300. Kwa kiwango cha Uingereza, kama 52 watapata homa au baridi ya kutetemeka, 30 watarudi kwa mhudumu, 4 watalazwa. Kwa kiwango cha Ontario cha 2005, watalazwa 12. Kwa kiwango cha vifo cha Ontario, mkoa mzima utampoteza mtu mmoja kila baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Ni namba ndogo, na hospitali ya mkoa inaweza kuibeba bila kuongezewa hata kitanda kimoja. Tatizo ni kwamba hospitali za Kanada na Uingereza zilizozaa viwango hivyo hazitenganishwi na wagonjwa wao kwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ukingo wa bonde la Ziwa Rukwa.

Homa ya maambukizi baada ya kinyama kwa kawaida hubisha hodi ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, ni takriban kilomita 330 kupitia Laela na Tunduma. Tangu lami ya Tunduma–Sumbawanga ikamilike katika muongo uliopita, kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, safari hiyo imekuwa ya mchana mmoja. Jambo jema, ila lina upande wake wa pili: mgonjwa aliyechomwa Jumanne asubuhi anaweza kuwa nyumbani Jumatano jioni, na Alhamisi usiku, baridi inapoanza kumtikisa, yuko Kaoze kwenye bonde la Ziwa Rukwa, au Wampembe kando ya Ziwa Tanganyika. Mashua imefungwa. Pikipiki haipandi mlima usiku.

Na homa hiyo haitaitwa kwa jina lake. Bondeni, kwenye joto na mbu, homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Atapelekwa zahanati, atapimwa kwa kipimo cha haraka. Wengi hawajui kwamba kipimo hicho kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria iliyokwisha kutibiwa. Mzee aliyemeza dawa ya mseto mwezi uliopita anaonekana ana malaria leo, anapewa dozi nyingine, anaambiwa akapumzike. Wakati huo bakteria wako kwenye damu. Miongozo ya kimataifa ya sepsisi, yaani maambukizi yanayouzidi nguvu mwili mzima, inataka antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja kwa mgonjwa aliyeshuka presha, na ndani ya saa tatu kwa anayeshukiwa lakini presha bado imesimama. Utafiti wa Anand Kumar wa mwaka 2006, kwa wagonjwa 2,731 waliofikia hatua ya presha kuporomoka, ulionyesha kwamba kila saa moja ya kuchelewa katika zile sita za mwanzo ilipunguza uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Usiku mmoja wa kusubiri gari la asubuhi una saa kumi.

Basi tuingie kwenye fedha, na Ufipa fedha huhesabiwa kwa magunia. Mwaka 2024 NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ilikuwa ikinunua mahindi kwa Sh 700 kwa kilo, yaani Sh 70,000 kwa gunia la kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, hatuihesabu. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida barabara ya lami, ilikuwa Sh 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Sumbawanga hadi Mbeya ni kama Sh 16,000, kwenda na kurudi 32,000, na kwa kuwa hakuna mzee anayekwenda kuchomwa peke yake, zidisha mara mbili: Sh 64,000. Safari ni tatu: ya kuonana na bingwa na kupangiwa tarehe, ya kinyama chenyewe, ya kufuata majibu ya patholojia. Jumla Sh 192,000, kilo 274 za mahindi. Karibu magunia matatu yamekwenda barabarani kabla hujalala gesti wala kula wali, na huyo ni mtu wa mjini Sumbawanga. Wa Kirando au Muze anaongeza nauli ya kufika Sumbawanga.

Hayo ndiyo malipo ya kipimo kilichokwenda salama. Ambaye majibu yake yanahitaji mionzi ya Ocean Road, Dar es Salaam, ana kilomita kama 1,150: kwa kiwango kilekile ni Sh 55,700 kwa mtu mmoja kwenda tu. Hilo lina makala yake.

Sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure. Wagonjwa wengi wa kipimo hiki wanaangukia humo. Lakini msamaha huo ni wa dirishani. Hauna nauli ya basi, hauna kitanda cha msindikizaji. Kadi ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, Sh 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, ilikuwa nafuu kubwa kwa familia za wakulima, ila ilikomea hospitali ya rufaa ya mkoa. Kinyama kikichukuliwa Mbeya, kadi imebaki Sumbawanga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja kuziba nyufa za namna hiyo. Mtu akijiunga aulize jambo moja kabla ya mengine yote: bima yangu inaishia ngazi gani?

Sasa gharama ya tatizo. Weka Sh 25,000 kwa siku kwa malazi na chakula cha watu wawili, makadirio yangu ya mtu anayebana matumizi. Mgonjwa akirudishwa Mbeya na kulazwa siku saba, ni Sh 175,000 za kujikimu na 64,000 za nauli: Sh 239,000, kilo 341 za mahindi, bila dawa, bila vipimo, bila shamba lililobaki halina mtu msimu wa palizi. Upande wa pili, kubaki Mbeya usiku tatu baada ya kinyama ili homa ikija ikukute karibu na hospitali ni Sh 75,000.

Mtu wa hesabu atasema tayari amepata jibu, nalo si lile tunalolitarajia. Ikiwa anayelazwa ni 4 kwa 100, hasara ya wastani ni asilimia 4 ya Sh 239,000, yaani Sh 9,560 kwa kila mgonjwa. Kumwambia kila mtu atumie 75,000 ili kukwepa 9,560 ni ushauri mbaya wa fedha, na wagonjwa wanajua hivyo bila kalkuleta. Ndiyo maana wanakimbilia stendi. Nauelewa uamuzi wao.

Ila hesabu hiyo imemchukulia kila mgonjwa kuwa yuko umbali uleule. Wa mjini Sumbawanga arudi nyumbani kwake. Ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ana hospitali ya Jimbo Katoliki iliyopewa jina la Dk. Atiman, na homa ikianza usiku wa manane bodaboda inamfikisha. (Adrian Atiman mwenyewe, mtoto aliyekombolewa utumwani na kusomea utabibu Malta, alifika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880 akaishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Aliijua shida ya umbali kabla yetu sote.) Anayepaswa kulala njiani ni wa bondeni na wa mwambao wa ziwa, na halazimiki kulala Mbeya. Alale Sumbawanga. Kwa shemeji, kwa mtoto wa dada, kwa mtu wa kanisani. Usiku tatu kwa ndugu aliyeko mjini ni kilo chache za unga, na zinamweka mgonjwa dakika chache kutoka kwenye sindano ya antibayotiki ya seftriaksoni wakati ule ambao hatari iko juu. Huo ndio uwekezaji wenye faida kubwa kuliko yote katika orodha hii, na sijawahi kuuona umeandikwa kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiachane kabisa na njia ya haja kubwa. Swali zuri. Njia ya msamba, ambapo sindano inapita kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, haigusi utumbo. Mwaka 2024 majaribio mawili ya Marekani yalitoa majibu yasiyofanana. Moja, la wanaume 658, lilikuta maambukizi sifuri kwa njia ya msamba, tena bila antibayotiki, na manne, asilimia 1.4, kwa njia ya zamani. La pili, la wanaume 718, halikuona tofauti: asilimia 2.7 dhidi ya 2.6. Mimi naegemea msamba kwa sababu ya antibayotiki zinazookolewa, lakini njia hiyo inataka mafunzo, na hospitali nyingi Afrika bado zinachukua kinyama kwa kuongozwa na kidole bila hata ultrasaundi. Wakati tunasubiri, kuna kichupa cha bei nafuu: kusafisha njia ya haja kubwa kwa povidoni ayodini dakika chache kabla ya sindano. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yanaonyesha maambukizi yanapungua kwa karibu nusu. Ayodini ni dawa ya kawaida ya chumba cha upasuaji. Kwa wale wazee wetu 300, kutoka kulazwa 12 mpaka 7 au 8, kwa kuwa si wote wanaolazwa kwa maambukizi, na hiyo ni kwa dawa ya kawaida.

Neno kwa wanaoandaa kambi za madaktari bingwa mikoani, kwa sababu ndizo zinazowafikia wengi wasioweza kwenda Mbeya. Kambi inakaa siku tano, na kinyama cha Ijumaa kina homa ya Jumapili, bingwa akiwa ameshapanda basi. Vinyama vichukuliwe Jumatatu na Jumanne, siku za mwisho ziachiwe kliniki.

Wala hesabu hii yote isimfanye mtu aikimbie sindano. Kati ya wenye PSA ya 4 hadi 10, takriban mmoja katika wanne hukutwa na saratani. Watatu wamechomwa na hawana. Kwa hiyo kabla ya kukubali tarehe, uliza kama PSA inaweza kurudiwa baada ya wiki chache, hasa kama ulipimwa ukiwa na maambukizi ya mkojo au mpira, maana vyote viwili huipandisha. Lakini saratani ya tezi dume, inayoongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, huku kwetu mara nyingi inagunduliwa ikiwa imeshafika kwenye mifupa, na gharama ya kuchelewa haina gunia la kuipimia.

Ukishachomwa, beba mambo matatu. Karatasi yenye tarehe ya kinyama, dawa uliyopewa na namba ya simu ya wodi. Kipimajoto. Na sentensi moja ya kumwambia mhudumu yeyote utakayemkuta, awe wa zahanati au wa duka la dawa, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya: “Nilichukuliwa kinyama cha tezi dume juzi.” Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka, au mkojo ukigoma, ondoka kwenda hospitali usiku huohuo.